JINA LA NKUBA: MAANA YAKE NA HISTORIA YAKE



Mara nyingi nimefurahi kusoma katika gazeti letu la shule maelezo juu ya methali, vitendawili na desturi za makabila yetu. Mimi ni mwanafunzi wa zamani wa shule hii, na sasa ni mwalimu katika wilaya ya Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, nchini Zambia. Ningependa nami kuleta mchango wangu mdogo. Sitaeleza majina yote ya kwetu, maana hayo ni mengi na ukurasa ni mmoja. Nitaeleza jina moja tu la kiume, Nkuba.

Wale tuliokuwa pamoja tangu mwaka 1983 hata 1986 watacheka wakiliona jina hilo hapo juu. Watamkumbuka kijana mwembamba aliyetoka Mbeya, ambako baba yake, mtu wa Zambia, alikuwa fundi wa reli ya TAZARA. Siku ya kwanza mwalimu alipoita majina alisoma "Kuba", na kabla ya chakula cha jioni bweni zima lilikuwa likimwita Castro. Kijana huyo ndiye mimi. Nilicheka pamoja nao. Lakini nilipotoka shuleni nililiacha jina langu kabisa, wala si kwa ajili ya mzaha wa bwenini. Sababu yake nitaieleza mbele. Kwanza na tujifunze neno lenyewe.

1. Neno lenyewe

Katika Kibemba, ambayo ndiyo lugha isemwayo zaidi upande wetu wa ziwa, inkuba ni radi. Ukiiondoa i ya mwanzo, hupatikana jina la mtu, Nkuba. Herufi n hapo mwanzo haimezwi. Hutamkwa peke yake, kama vile sisi tutamkavyo m katika mtu. Mwalimu wetu aliimeza, na ndiyo maana nikawa Kuba.

Neno hili si mali ya Wabemba peke yao. Katika Rwanda na Burundi inkuba ni radi vile vile. Wanyankole wa Uganda husema enkuba kwa maana hiyo hiyo, lakini Waganda wakisema enkuba maana yao ni mvua. Msomaji ataona kwamba maana hizo mbili hazikai mbali, kwa kuwa radi na mvua hutoka katika wingu moja. Waswahili husema radi, neno lililotoka katika Kiarabu. Hata hivyo, kati ya Nchelenge na Kampala kuna watu wengi ambao ukiwatajia Nkuba watatazama juu mbinguni.

Mtu aweza kuuliza, mzazi gani humpa mtoto wake jina la kitu kiuacho? Mwenye kuuliza hivyo hajapata kuvua samaki katika Mweru. Ziwa hili lina eneo la kilometa za mraba zaidi ya 5,000, na mvua zake huanza mwezi wa Novemba zikaendelea hata Aprili. Ukiwa katikati ya maji, hakuna mti wala nyumba wala kichuguu. Kitu kirefu kuliko vyote ni mtu aliyesimama mtumbwini. Basi wingu likiwa jeusi, wavuvi huinama wote, makafi yakalazwa chini, na hakuna asemaye kwa sauti. Kitu kinachoweza kuwainamisha watu wazima namna hiyo, jina lake ni kubwa. Mtoto hapewi jina hilo ili aue watu. Hupewa kwa sababu alikuwapo mtu kabla yake aliyeitwa hivyo, na huyo naye alikuwa na wa kabla yake.

2. Nkuba wa kale

Tukirudi nyuma kwa kufuata mfululizo huo, twafika kwa Washila. Hawa ni watu wa ziwa, wajulikanao tangu kale kwa uvuvi. Masimulizi yao yasema kwamba walitoka mashariki, upande wa Wabemba, wakiongozwa na mkubwa wao Nkuba, wakawakuta Wabwilile, waliokuwa wenyeji wa kwanza, wakaishika nchi ya ziwa pamoja na kisiwa cha Kilwa. Msomaji wa pwani asishangae kusikia Kilwa katikati ya bara. Si ile ya Kisiwani yenye msikiti mkuu. Ni kisiwa cha katika Mweru, na leo kimo katika wilaya yetu ya Nchelenge.

Katika karne ya 18 walikuja Walunda kutoka magharibi, wametumwa na milki ya Mwata Yamvo, na mkuu wao aliitwa Kazembe. Namna Kazembe alivyoipata nchi ya Nkuba ndiyo hadithi ijulikanayo kuliko zote katika bonde la Luapula. Nitaisimulia kwa ufupi kama nilivyoisikia.

Nkuba alikuwa na dada yake, jina lake Nachituti, na Nachituti alikuwa na mwana. Kijana huyo alishutumiwa kuwa na mke wa mjomba wake. Nkuba akaghadhibika, akaamuru auawe, na ngozi yake ichunwe. Kisha akaifanya ngozi hiyo kuwa kitu cha kukalia, akaifunika, akamwalika dada yake kunywa pombe. Nachituti akaja, akaketi, akanywa, asijue ameketi juu ya nini. Alipopata habari, hakulia mbele ya ndugu yake. Aliondoka akaenda kwa Kazembe akamwomba amlipizie kisasi. Walunda wakaenda wakamwua Nkuba, wakamletea Nachituti kichwa chake. Naye, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kulipa, alimpa Kazembe kikapu cha udongo na chombo cha maji. Maana yake ni kwamba nchi yote, na mito na maziwa yote, yawe yake.

Hadithi hii hutajwa hata leo watu wanapobishana ni nani mwenye maji na ni nani mwenye ardhi. David Livingstone alipofika Mweru tarehe 8 Novemba 1867, kisha akaenda kwa Kazembe, alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Salih, aliyekuwa amekaa nchi hiyo miaka mingi. Na wote wawili walimtambua Kazembe kuwa ndiye mwenye nchi. Lakini jina la Nkuba halikufa pamoja na kichwa kile. Washila walimrithisha mwingine, na baada yake mwingine. Hata Wazungu walipogawana ziwa kwa mapatano ya tarehe 12 Mei 1894, wakaupinda mpaka ili Kilwa iwe ya Waingereza na ng'ambo iwe ya Kongo, jina lilibaki pande zote mbili za maji.

3. Jinsi jina linavyorithiwa

Hapa hapana budi nieleze mambo mawili, la sivyo msomaji hataelewa yaliyonipata.

La kwanza ni kwamba kwetu ukoo huhesabiwa kwa mama, kama ilivyo desturi ya Wayao, Wamakua, Wamakonde na Waluguru. Mrithi wa mwanamume si mwana wake wa kuzaa bali ni mtoto wa dada yake. Kwa Kibemba mtoto huyo huitwa mwipwa. Nanyi mwaona jinsi neno hilo lilivyo ndugu wa neno letu mpwa. Fikirini tena hadithi ya Nachituti kwa akili hiyo. Nkuba hakuua kijana tu. Alimwua mpwa wake, yaani mtu ambaye angelichukua jina lake. Alijikatia mwenyewe njia ya kuendelea kuwapo.

La pili ni kwamba mtoto hupewa jina la jamaa aliyetangulia mara kitovu kikauke na kuanguka. Watu husema roho ya mwenye jina, umupashi, ndiyo inayomlinda. Tangu siku hiyo mtoto na mwenye jina huwa mboswa, yaani somo, kama Waswahili wanavyomwita mtu wa jina moja nao. Tena mtu mzima akifa, jamaa hukutana wakamketisha mrithi juu ya mkeka, na kwa kufanya hivyo huchukua nafasi ya marehemu. Neno la Kibemba ni ukupyana. Mrithi hachukui vyombo tu. Huwa mtu yule. Watoto wa marehemu humwita baba hata akiwa mdogo kuliko wao, na dada za marehemu humwita kaka.

Zaidi ya hayo, husema "mimi". Mtaalamu Mwingereza Ian Cunnison, aliyekaa Luapula na kutoa kitabu chake juu ya watu wa huko mwaka 1959, aliliona jambo hili akaliandika: mwenye jina la cheo husimulia matendo ya waliomtangulia kana kwamba ni yake mwenyewe. Mzee wa leo atasema, "Nilivuka mto, nikapigana, nikajenga hapa," na vita hiyo ilipiganwa miaka 200 kabla ya kuzaliwa kwake. Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, alipowaandikisha watu historia ya Walunda, kitabu chake kilichotiwa chapa mwaka 1951 kiliitwa Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, maana yake "Wazee Wangu Waliotangulia na Watu Wangu". Hata katika anwani ya kitabu mtaona kwamba historia ni ya mimi na yangu.

Nilipokuwa mwanafunzi niliona ni jambo la kuchekesha. Nilikuwa nimefundishwa kwamba historia ni habari za watu wengine.

4. Nkuba niliyemjua

Nkuba niliyepewa jina lake alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Alikuwa mvuvi, na nyumba yake haikuwa mbali na maji. Nilipokuwa mdogo, tukienda likizo kutoka Mbeya, yeye ndiye aliyenifundisha kutega nyavu na kuwaanika dagaa wa ziwa letu, waitwao chisense, juu ya mchanga. Hakuniita mpwa, aliniita "mboswa", yaani somo. Akipata perege mkubwa alisema, "Huyu ni wa Nkuba mdogo."

Mwaka 1985 baba yangu alifariki. Mama akarudi kwao Nchelenge pamoja na dada yangu, mimi nikabaki hapa shuleni. Fedha zilizopatikana kwa ajili ya kazi ya baba mama alizikabidhi kwa kaka yake, kama desturi inavyotaka, ili zinitoshe ada na nauli mpaka nimalize kidato cha sita. Mwisho wa mwaka 1986 nilifanya mtihani wa kidato cha nne. Nilipochaguliwa kuendelea, niliandika barua kwa mjomba. Sikupata jibu. Nikaandika tena. Baada ya barua ya tatu nilisafiri mwenyewe, nikamkuta pwani akiipaka mafuta injini mpya ya mashua.

Sikuhitaji kuuliza. Alisema injini italeta samaki wengi, na samaki wataleta ada, na mimi nitaendelea mwaka utakaofuata. Mwaka uliofuata injini ilikufa. Nilikaa Nchelenge miaka miwili nikitia samaki chumvi, wakati wenzangu wa darasa, ninyi mnaosoma haya, mlikuwa mkiingia vyuo. Baadaye nilipata nafasi ya chuo cha ualimu kwa msaada wa jamaa za baba. Karani aliponiuliza majina yangu, nilitaja jina la ubatizo na jina la baba. Nkuba sikumtaja. Vyeti vyangu havina jina hilo hata leo.

Mjomba hakuomba radhi. Lakini kila mwaka, ziwa lilipokaribia kufungwa, gunia moja la samaki wakavu lilifika mlangoni kwa mama. Hakuna aliyelizungumzia. Mama alilipokea, nami nilipokuwapo sikula.

5. Siku ya mkeka

Mjomba alifariki mwaka 2009. Matanga yalipokwisha jamaa walikutana kumweka mrithi. Wazee walitandika mkeka, wakaweka kafi lake juu yake, wakaniambia niketi.

Nikasema, "Sitaketi. Sitaki jina la mtu aliyenila."

Palikuwa na kimya kirefu. Wazee walinikemea, wengine walinibembeleza. Mama hakusema neno mbele yao. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, mahali ilipokuwa ile injini imefunikwa gunia. Pale ndipo aliponisimulia habari za Nachituti. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu utoto, lakini sikuwa nimewahi kuisikia kutoka kwa dada wa Nkuba.

Alipomaliza alisema, "Nachituti alikwenda kwa Kazembe akaletewa kichwa cha ndugu yake. Mwanawe hakurudi. Mimi nami, watu walinishauri niende boma kumshitaki kaka yangu. Nikajiuliza, nikishinda nitaletewa nini? Injini mbovu. Nikakaa na kaka yangu. Lakini usidhani nililifuta deni, mwanangu. Sikulifuta. Nililiweka palepale lilipo. Deni la Nkuba li kwa Nkuba. Sasa wewe wasema hulitaki jina. Basi nani atalipa?"

Nikamjibu kwa hesabu za mwalimu. "Mama, anayedaiwa ni Nkuba na anayedai ni mimi. Nikiwa Nkuba, nitajilipa mwenyewe?"

Akasema, "Una dada. Dada yako ana mtoto."

Nikarudi, nikaketi juu ya mkeka. Nilipewa maji nikanywa. Wakaanza kuniita mmoja mmoja, "Nkuba, umekuja." Mjane wa mjomba aliniamkia kama mtu anayemwamkia aliyerudi safarini. Mwanawe mkubwa, ambaye tulicheza naye mpira utotoni, aliniita baba, na hakuna aliyecheka.

6. Deni

Sikukaa mwezi kabla mtu mmoja kuvuka kutoka ng'ambo, kutoka mji wa Kilwa wa upande wa Kongo. Alikuwa mwuza nyavu. Huko ng'ambo Kiswahili husemwa sana, nacho ndicho tunachotumia na wafanyabiashara wao. Aliketi, akanipa pole, kisha akasema, "Nkuba, ulichukua nyavu zangu nne mwaka juzi, ukasema utanilipa ziwa likifunguliwa."

Hakusema "mjomba wako alichukua". Alisema "ulichukua". Nilitaka kumwambia kwamba sijapata kumwona maishani mwangu. Halafu nikakumbuka kwamba nimeketi juu ya mkeka mbele ya watu. Nikasema, "Ni kweli, nilichukua." Nilimlipa kidogo kidogo kwa mshahara wangu na kwa samaki wakavu, kwa muda wa miaka miwili. Hapa yafaa kueleza kwamba kwetu uvuvi hukatazwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazae, na katika miezi hiyo hakuna anayelipa kitu. Alinivumilia. Aliponiletea mkono wa mwisho wa kuagana alisema, "Dawa ya deni kulipa," nasi tukacheka, maana methali ni moja pande zote mbili.

Deni la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mtoto wa dada yangu aliingia darasa la nane mwaka 2012, akamaliza la kumi na mbili mwaka 2016. Ada yake yote nililipa mimi. Sikuilipa kama zawadi, wala sikumwambia kwamba ninamsaidia. Wakati wa likizo alikuwa akikaa chini ya ule mwembe akiifungua injini ya mjomba na kuifunga tena, msumari kwa msumari. Leo ni fundi wa injini za mashua.

Nilidhani mimi ndiye Nkuba pekee aliyebaki. Lakini tangu Agosti 2017 maelfu ya watu walikimbia vita katika Kongo wakaingia wilayani kwetu, wakapokewa kwanza Kenani, na mwaka uliofuata wengi wakapelekwa Mantapala. Walimu tuliojua Kiswahili tuliombwa kusaidia kutafsiri. Siku moja pale Kenani mwanamke mmoja aliita kwa sauti, "Nkuba!" Tuligeuka watatu. Mmoja alikuwa mzee mwenye mkongojo, mmoja alikuwa mtoto wake aliyekuwa amepotea katika msongamano, na wa tatu nilikuwa mimi. Tulitazamana. Yule mzee akaniuliza jambo moja tu, "Wewe ni wa nani?" Nikamtajia mama, na mama wa mama, naye akatikisa kichwa kukubali. Mpaka wa mwaka 1894 haukuwa umetutenga kama nilivyofikiri.

7. Tunajifunza nini?

Waswahili husema, "Jina jema hung'ara gizani." Ni kweli, lakini methali hiyo haituambii tufanye nini na jina lililotenda mabaya. Nilipokuwa kijana nilifikiri dawa yake ni kulitupa. Nililitupa miaka zaidi ya 20, na katika muda wote huo hakuna hata senti moja ya deni iliyolipwa. Wazee wetu wa Mweru wangeliweza kulizika jina la Nkuba pamoja na mtu aliyemchuna mpwa wake. Hawakulizika. Waliliacha liendelee, pamoja na aibu yake, ili kila atakayeitwa hivyo akumbuke kwamba ana mpwa, na kwamba mpwa huyo ni wa kulindwa.

Mwaka uliopita mpwa wangu aliniuliza kwa nini nilijinyima ili yeye asome, hali nina watoto wangu. Nikamjibu, "Kwa sababu mwaka 1986 nilikula ada ya mpwa wangu."

Alinitazama kwa mshangao, kisha akaelewa. Siku moja ataketi yeye juu ya mkeka ule. Neno hilo atalisema yeye pia, na litakuwa kweli kinywani mwake kama lilivyo kinywani mwangu.

Katika Kiswahili mtu wa jina moja nawe ni somo wako, na jambo unalofundishwa ni somo lako. Nilikaa shuleni kwetu miaka minne bila kutambua kwamba maneno hayo mawili hutamkwa sawa. Mjomba alikuwa somo wangu. Haya niliyoandika ndiyo somo langu.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Andika majina yako yote. Eleza kila moja lilitoka kwa nani, na nani alilichagua.

2. Mwulize mzee wa ukoo wako: mtu wa kwanza anayekumbukwa kwa jina lako alitenda nini? Andika mema na mabaya, usiache moja.

3. Tafuta neno la radi katika lugha ya nyumbani kwenu. Je, lafanana na inkuba? Kama halifanani, limetoka wapi?

4. Simulia tendo moja la babu yako au la mjomba wako ukianza na neno "Mimi". Kisha sema, je, ulipolisimulia hivyo, liliona uzito gani moyoni mwako?

Majibu ya zoezi la pili na la nne msiyaharakishe. Mimi yalinichukua miaka mingi.

Wasalaam,
Nkuba, mwanafunzi wa zamani,
Nchelenge.